Mdogo wangu anasema laki mbili inatosha mafuta ya kwenda na kurudi Kibosho

Mpendwa Mshauri,

Salaam. Mimi ni mama wa makamo, mfanyakazi, ninaishi Tabata, Dar es Salaam. Nina gari dogo la petroli, cc 1500, lililonunuliwa Japani likiwa limekwisha kutumika. Kila Desemba tunakwenda nyumbani Kibosho, juu ya mji wa Moshi, kwa gari hilo: mama yetu mzazi, dada yangu mkubwa na mtoto wake wa miaka sita, mdogo wangu wa kiume, nami kwenye usukani.

Mwaka jana mdogo wangu ndiye aliyepiga hesabu ya mafuta. Alisema kwenda ni kilomita 570 na kurudi vivyo hivyo, jumla 1,140, na kwamba gari langu linakwenda kilomita 18 kwa lita moja, kwa sababu ndivyo tangazo la kampuni iliyoniuzia lilivyoandika. Akapata lita 63 na kitu, akazidisha kwa shilingi 3,000, akasema tukichanga laki mbili hata soda za njiani zitapatikana. Tulichanga. Fedha hizo zilikwisha tukiwa Same wakati wa kurudi, na kuanzia hapo hadi Tabata nilijaza kwa fedha zangu bila kusema neno, kwa kuwa mama alikuwa amelala kiti cha nyuma na sikutaka ugomvi.

Mwaka huu nimewaambia kwamba tuandae laki tatu na ziada. Mdogo wangu amejibu kwenye kundi la familia kwamba ninataka kugeuza safari ya nyumbani kuwa biashara ya daladala, na ameweka tena picha ya lile tangazo la kilomita 18. Dada naye anasema kama ni kuchanga, basi tugawanye kwa vichwa, na mtoto ahesabiwe. Mimi sina risiti hata moja ya mwaka jana. Kwa kawaida hujaza mafuta ya elfu thelathini au hamsini, mshale ukishuka narudi sheli, kwa hiyo siwezi kusema kwa uhakika gari langu linakula kiasi gani.

Naomba unisaidie: hesabu ya mafuta ya safari kama hii hufanywaje ili isiwe ya kubishaniwa? Je, mizunguko ya kule nyumbani, sokoni, kanisani na kwenye misiba, nayo ni ya kuchangiwa? Na ni nani alipe?

Mwenye Usukani, Tabata

*

Dada Mwenye Usukani,

Kuzidisha na kugawanya kwa mdogo wako hakuna kosa. Kilomita 1,140 ukizigawa kwa 18 unapata lita 63.3, na lita hizo kwa shilingi 3,000 ni 190,000. Kasoro imo katika ile 18, na pia katika kilomita alizoziacha nje ya hesabu. Tofauti ya laki na zaidi mnayobishania imetokana na vitu hivyo viwili, wala haihitaji mtu kuitwa mchoyo au mfanyabiashara.

Namba iliyomo katika matangazo ya magari ya Japani ni ya kweli kwa mahali ilipopimwa. Gari huwekwa juu ya mashine maabara, magurudumu yanazunguka lakini gari halisogei, na dereva hufuata ratiba maalumu ya mwendo, kukata mwendo na kusimama. Gari ni jipya, matairi yana upepo sahihi, hakuna keria, hakuna mikungu ya ndizi, wala hakuna foleni ya Kimara. Ratiba za zamani za Kijapani zilikuwa na mwendo wa upole mno, na gari la miaka mingi lililobeba watu watano katika barabara zetu haliwezi kuzifikia. Namba hiyo inafaa kulinganisha gari moja na jingine kabla ya kununua. Kuchangisha ndugu kwa kuitumia ni kuwachangisha kwa safari ambayo hakuna atakayeisafiri.

Namba unayoihitaji ni ya gari lako mwenyewe, katika barabara kuu, likiwa na mzigo wa kawaida, na kuipata si kazi kubwa. Siku unayokuwa na safari yoyote ya nje ya mji, hata ya Morogoro kwenda na kurudi, pita kwenye kituo cha mafuta ambacho sakafu yake ni tambarare na umwombe mhudumu ajaze hadi bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, kisha aache, asiongezee kwa kubonyezabonyeza ili fedha zifike namba nzima. Hapo andika kilomita zinazoonekana kwenye odometa. Endesha safari yako. Ukirudi, rudi kituo kilekile, ikiwezekana pampu ileile, ujaze tena hadi bomba lijikate. Lita zilizoingia mara hii ya pili ndizo gari lilizokula, na unazisoma kwenye pampu au kwenye risiti. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita hizo. Mshale wa kwenye dashibodi usiutegemee kwa kazi hii, maana katika magari mengi hukawia kwenye nusu ya juu na kuporomoka katika nusu ya chini, na mtindo wa kujaza elfu thelathini leo na hamsini keshokutwa haukupi namba yoyote, kwa sababu hujui kilichokuwamo kabla ya kujaza.

Jambo moja dogo hapa: kabla mhudumu hajaanza, tazama pampu inasoma sifuri, na uangalie kama ina stika ya Wakala wa Vipimo. Si kwamba ninamshuku mtu, ila namba yote ya gari lako itasimama juu ya lita hizo.

Tuseme umepima na gari limekupa kilomita 13 kwa lita katika barabara kuu na 9 katika mizunguko ya mjini. Kwa gari la cc 1500 lenye umri na watu watano ndani, namba hizo hazinishangazi, na zinaendana na pale fedha zenu zilipokatikia mwaka jana. Laki mbili kwa bei ya shilingi 3,000 ni lita 66 na kidogo. Kwenda Kibosho kulihitaji takriban lita 44. Mkizunguka nyumbani kilomita 120 hivi kwenye miinuko, kwa kilomita 9 kwa lita, hizo ni lita 13 nyingine. Zinabaki lita tisa, ambazo ni kilomita 117, na kutoka Kibosho kilomita hizo zinakufikisha Same au jirani yake. Huna risiti, lakini mahali mlipoishiwa ni ushahidi wa kutosha, na nakushauri umwoneshe mdogo wako hesabu hiyo kwanza kabla ya kumwambia lolote jingine.

Sasa tuitumie namba hiyo kwa safari ijayo. Kilomita 1,140 za njia kuu ukizigawa kwa 13 ni lita 87.7. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya mambo yasiyotabirika, unapata lita 96.5. Kwa shilingi 3,000 kwa lita hizo ni 289,500. Kilomita 120 za mizunguko ya nyumbani ni lita 13.3, yaani kama shilingi 40,000. Jumla inakaribia 330,000, kwa hiyo makadirio yako ya "laki tatu na ziada" yalikuwa mazuri kuliko ulivyodhani.

Usichukue 13 na 9 ukazijumlisha na kugawa kwa mbili, ukasema wastani wa gari lako ni 11. Watu wengi hufanya hivyo. Ukiendesha kilomita 100 za barabara kuu na kilomita 100 za mjini, utatumia lita 7.7 na lita 11.1, jumla 18.8, na kilomita 200 kwa lita 18.8 ni 10.6 tu. Tafuta lita za kila kipande cha safari kwanza, kisha ujumlishe lita. Kilomita kwa lita hazijumlishwi.

Nimetumia bei ya shilingi 3,000 kwa sababu ndiyo uliyoitaja na kwa urahisi wa hesabu. Bei yenyewe isikutoe jasho, lakini uielewe inavyokwenda. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na jedwali lake huonesha bei ya kila mji, kwa kuwa gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini imo ndani ya bei. Katika njia yako ya kwenda Moshi tofauti ya mji na mji mara nyingi ni ya makumi ya shilingi kwa lita. Hata ikiwa ni shilingi 50, kwa tangi la lita 40 ni shilingi 2,000, na haifai kuendesha na taa ya mafuta ikiwaka kwa kutafuta bei ya mji ujao. Kinachoweza kuwabadilishia hesabu ni kalenda: mkienda wiki ya Krismasi na kurudi baada ya Jumatano ya kwanza ya Januari, mafuta ya kurudi mtayanunua kwa bei nyingine kabisa, ambayo wakati wa kuchanga hakuna anayeijua.

Ndiyo sababu ninasisitiza kwamba familia ikubaliane lita, si shilingi. Lita ni tabia ya gari lako na ya barabara, nazo hazibadiliki sana kutoka Desemba moja hadi nyingine. Shilingi zinafuata soko la dunia, thamani ya dola na kodi, na hakuna kati yenu mwenye mamlaka juu ya hivyo. Mkishakubaliana kwamba safari ni lita 88 za njia kuu na tahadhari ya sehemu ya kumi, ugomvi wa kila mwaka umebaki kuwa zoezi la kuzidisha kwa bei ya mwezi huo.

Mdogo wako anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, hiyo sehemu ya kumi ni ya nini. Sehemu kubwa ni foleni. Gari lililosimama huku injini na kiyoyozi vikifanya kazi linaweza kula karibu lita moja kwa saa bila kusogea, na kutoka Dar es Salaam siku za kuelekea Krismasi, kuanzia Mbezi hadi upite Chalinze, saa mbili za namna hiyo si ajabu. Wapo wanaopita Bagamoyo na kutokea Msata ili kuikwepa Chalinze, na kwa siku hizo ni ushauri mzuri. Sehemu nyingine ni mwendo. Upinzani wa upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110 nguvu ya upepo inayolizuia gari inakaribia kuwa mara mbili. Ukiweka keria juu ikiwa na magunia, upepo huo unapata pa kushika zaidi. Kutoka Mombo kupita Hedaru na Makanya hadi Same barabara kwa sehemu kubwa ni tambarare chini ya milima, na hapo gari lako lingekula kidogo kuliko mahali pengine popote katika safari, kama mguu wako utatulia. Lakini nimeona madereva wanaopoteza pale kila walichookoa, wakikimbia kufidia saa walizokaa foleni, kisha wakikanyaga breki ghafla kila penye kijiji na kibao cha 50.

Mlima wenyewe, ambao watu wa nyumbani hupenda kuusingizia, hauli mafuta mengi kama inavyosemwa. Gari na watu wake likiwa na uzito wa kilo 1,500, kulipandisha kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,400 kunahitaji nishati ya megajuli 20 hivi. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 au zaidi kidogo, na injini ya kawaida hugeuza robo yake tu kuwa kazi, kwa hiyo kupanda kote huko ni kama lita mbili na nusu, na sehemu yake unairudishiwa wakati wa kushuka. Kinachokula Kibosho ni mizunguko mifupi: gari la baridi asubuhi, gia ndogo, kupanda na kushuka kwenda sokoni, kusimama na kuwasha tena. Ndiyo maana nimeihesabu kwa 9 na si kwa 13.

Kuhusu nani alipe, haya ni maoni yangu, nanyi mnaweza kuyapima kwa mila za nyumba yenu. Mama hachangishwi, sehemu yake ni yenu watoto. Mtoto wa miaka sita naye asihesabiwe kama kichwa, kwa kuwa gari lingekwenda Kibosho kwa lita zilezile hata angebaki Dar es Salaam, na dada yako akifikiri vizuri ataona kwamba pendekezo lake linamwumiza yeye mwenyewe. Wanabaki watu wazima watatu wenye kipato. Kila mmoja atoe 96,500 kwa bei tuliyoitumia, na wewe uwe mmoja wao. Wapo watakaosema mwenye gari asichangie mafuta, kwa sababu matairi, oili na sevisi ni juu yake, nami ninakubali kwamba wana hoja. Hata hivyo nadhani kuchangia sawa na wenzako kunakupa sauti ambayo hutaipata ukikaa nje ya mchango, hasa kwa ndugu aliyekwisha kutamka neno daladala.

Mizunguko ya nyumbani iondoeni kwenye mchango wa njia kuu. Anayeomba gari limpeleke Moshi mjini kununua viatu alipie lita za safari hiyo, na ya msiba au ya kanisani ambayo mmekwenda wote mgawane. Weka daftari dogo kwenye droo ya gari, kila safari iandikwe kilomita za kuondoka, za kurudi na jina la aliyeomba. Safari ya kilomita 27 kwa 9 ni lita tatu, shilingi 9,000. Daftari hilo litapunguza safari zenyewe pia, jambo ambalo mama atalipenda kwa sababu atapata watu wa kukaa naye.

Risiti nazo zina utaratibu wake, na ni huu utakaokusaidia kuliko yote. Siku moja kabla ya safari jaza tangi hadi bomba lijikate, kwa fedha zako mwenyewe, wala usiiingize risiti hiyo katika hesabu. Kuanzia hapo kila risiti ya kielektroniki ya mafuta mnayonunua njiani ihifadhiwe kwenye bahasha. Tangi lako huenda ni la lita 40 na kitu, kwa hiyo halikufikishi Kibosho kwa usalama bila kuongeza. Korogwe iko karibu nusu ya njia, jazeni pale. Mkirudi Dar es Salaam, kabla hamjatawanyika, jaza tena hadi bomba lijikate. Gari sasa lina mafuta yaleyale liliyoanza nayo, na risiti zote za katikati, pamoja na hiyo ya mwisho, ndizo gharama kamili ya safari. Toa lita za daftari la mizunguko, zinazobaki zigawanye kwa tatu. Kama mlichanga zaidi, kila mtu anarudishiwa chake siku hiyohiyo. Kama mlichanga pungufu, kila mtu anaongeza. Nawe unapata, bila jasho, namba halisi ya gari lako ya kutumia mwaka utakaofuata.

Kwenye kundi la familia nakushauri usijibu lile neno la daladala. Andika hivi: "Ndugu zangu, mwaka jana tulinunua lita 66, zikaisha Same. Mwaka huu nimepima gari, linakwenda kilomita 13 kwa lita. Njia kuu ni lita 88, pamoja na tahadhari ni 96. Tunachanga watatu, mama na mtoto hawamo. Risiti zote nitazituma hapa, na ziada itarudi kwa kila mmoja siku tutakayofika Dar." Hiyo 13 ubadilishe kwa namba utakayoipata mwenyewe kwenye pampu, na usitume ujumbe huo kabla hujapima.

Mdogo wako akisema basi ni nafuu, usibishane naye, maana kwa mtu mmoja anayesafiri peke yake mara nyingi ni kweli, na nauli kikomo zinazopangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu, ziko wazi kwa kila mtu kulinganisha. Mwombe tu aamue kabla ya tarehe 15 Desemba, kwa sababu tiketi za Moshi siku zile hazimngoji mtu, na wewe unahitaji kujua kama lita 96 zinagawanywa kwa watu watatu au wawili.